Shingo ya Baba Anita, mbele au nyuma

Jumapili, asubuhi. Baridi. Upepo umeanza tangu alfajiri, unasukuma vumbi la barabara ya Katandala mpaka ndani ya sebule ingawa madirisha nimeyafunga. Nimejifunika kitenge miguuni, kompyuta ya shule iko mapajani.

Sijaandika hapa tangu kabla ya Pasaka. Wachache mnaopita kusoma mlizoea habari za watoto wangu wa darasa la tatu na karoti zangu zinazoliwa na mbuzi wa jirani. Leo sina hizo. Leo naandika kwa sababu jana mume wangu hakunisemesha neno tangu mnadani mpaka nyumbani, na asubuhi hii amekwenda misa ya kwanza peke yake bila kuniamsha.

Nimechoka kulibeba hili peke yangu.

Kwa asiyemjua, Deusi, baba yake Anita, ni mnadishaji. Zamani alikuwa mpima mizani wa chama cha ushirika, siku zile mahindi yote ya huku yalipokuwa yanapita mlango mmoja. Ushirika ulipolegea na wanunuzi binafsi wakaanza kuja na malori yao mpaka shambani, alikaa nyumbani msimu mzima akichonga mipini ya majembe. Kisha siku moja ya mnada, mfanyabiashara wa mitumba anayeitwa Hamisi alikuwa amekaukwa koo, akamwomba amsaidie kuita watu. Deusi akapanda juu ya belo la nguo. Ni kama hakushuka tena.

Sauti yake haikuwa ya kupayuka. Ilikuwa inafika mbali bila kupasuka, na ilikuwa na kicheko ndani yake hata alipokuwa hacheki. Alikuwa anaweza kuinua sufuria ya kawaida kabisa ukaona ndiyo iliyokosekana nyumbani kwako tangu uolewe. Wafugaji wa Kisukuma aliwatania kwa Kisukuma cha kuokotaokota, Wafipa wenzake aliwatania kwa Kifipa, na wale wanaopandisha migebuka mikavu kutoka ziwani Kipili alikuwa amempa kila mmoja jina lake. Laela, Matai, Namanyere, kote huko ukisema wewe ni mke wa Deusi wa mnadani unapewa kiti.

Ilianza na vifungo vya shati.

Mwaka jana, wakati wa kuvuna maharage, nikaanza kumwona anahangaika na kifungo kimoja mpaka chai inapoa. Nilidhani ni uvivu. Nikawa namfungia huku namtania kwamba amekuwa mtoto wa chekechea. Halafu vikombe vikaanza kumponyoka. Halafu akasema miguu yake imekuwa ya kuazima, anaiambia iende nayo inafikiria kwanza. Akawa anatembea ameitanua, na watu wakaanza kusema mnadishaji siku hizi anakunywa. Deusi hajawahi kuonja hata ulanzi. Siku moja akaanguka kutoka juu ya belo, na watu wote wakacheka wakidhani ni sehemu ya mchezo. Na yeye akajifanya ni mchezo. Nyumbani ndipo aliponiambia kwamba akiinamisha kichwa anasikia kama umeme unamshuka mgongoni mpaka miguuni.

Wifi yangu Fausta, dada yake mkubwa anayekaa Milanzi, alisema ametupiwa kitu na watu wenye wivu. Sikubishana naye, ndiye aliyemlea Deusi baada ya mama yao kufariki. Tulikwenda alikotaka twende, Deusi akanywa alichopewa, akarudi vilevile. Katikati ya hayo alikuwa anameza dawa za maumivu kana kwamba ni karanga.

Hospitali ya hapa mjini ndiko tulikoambiwa ukweli kwa mara ya kwanza. Daktari alimgonga goti kwa kinyundo kidogo, mguu ukaruka juu kama teke la mbuzi. Nilitaka kucheka. Yeye hakucheka.

"Mwalimu," akaniambia mimi, "ugonjwa hauko miguuni. Uko shingoni."

Akatueleza kwamba ndani ya pingili za shingo unapita mshipa mkubwa wa fahamu, ule unaobeba amri zote za kichwa kwenda mikononi na miguuni, na kwamba kwa Deusi kuna kitu kinaubana. Akatuandikia kwenda Mbeya.

Safari ile siipendi hata kuikumbuka. Deusi alikuwa amevaa kola ngumu ya shingo, na barabara mnaijua ilivyo. Kila basi lilipoingia shimoni nilikuwa nashika kichwa chake kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba yai. Abiria wa nyuma aliniuliza kama mgonjwa wangu amevunjika. Nikasema bado. Ndivyo jibu lilivyotoka.

Mbeya daktari alikuwa mtu mzima, mchangamfu. Alimpiga picha za kawaida za mionzi, akasema anahitaji upasuaji, na kwamba kwa anavyoona watapita nyuma ya shingo. Wataondoa vifuniko vya mifupa, mshipa upate nafasi. Lakini lazima kwanza apigwe picha kubwa ya MRI, na mashine hiyo ilibidi tuifuate Dar. Huko huko ndiko wangeamua na kumpasua.

Deusi alisikia neno moja tu katika yote yale.

"Nyuma," akaniambia tulipotoka. "Umesikia? Nyuma. Koo haliguswi."

Sikuwa nimejua mpaka dakika ile kwamba alichokuwa anaogopa ni koo. Mimi nilikuwa naogopa miguu. Tulikuwa tumelala kitanda kimoja miezi yote ile, kila mtu ana hofu yake.

Dar tulifikia kwa binamu yake. Joto lilinitoa vipele. Baada ya picha kupigwa tukaitwa kwa daktari bingwa. Alikuwa mwanamke, mdogo kwangu kwa umri, anaongea taratibu, kucha zake amezikata mpaka mwisho. Akaibandika picha ile kwenye taa ya ukutani, akatuonyesha. Hata mimi niliona. Ule mshipa ulikuwa unashuka vizuri kama mkanda mweupe, ukifika katikati ya shingo unaminywa sehemu mbili mpaka unakaribia kukatika, halafu unaendelea.

"Mzee wangu, kuna njia mbili za kufika hapa," akasema. "Kupita nyuma au kupita mbele. Nitawaeleza zote."

Nilitoa kalamu. Ni mazoea ya kazi. Lakini sikuandika kitu, maana alieleza vizuri mno.

Kupita nyuma ni kama kuezua paa, alisema. Unafungua mifupa ya nyuma, mshipa unarudi nyuma kidogo na kuachana na kinachoubana. Ni njia nzuri, hasa kwa mgonjwa ambaye pingili nyingi zimebana. Ila inataka shingo iwe bado na mpindo wake wa kuzaliwa nao, ule unaofanya kichwa kikae nyuma kidogo. Shingo ya Deusi ilikuwa imepoteza mpindo ule na kuanza kuinamia mbele. Akachukua kile kifaa chake cha kusikilizia moyo, akalaza mpira wake juu ya ngumi yake, akazivuta chini ncha zake zote mbili.

"Hii ngumi ndiyo mifupa yako na hizi diski zilizotokeza. Zinasukuma kutoka mbele. Nikiondoa paa hapa juu, umeona? Mpira bado umelalia ngumi. Nitakuwa nimekukata, na mshipa bado umebanwa. Na shingo inaweza kuzidi kuinama."

Kupita mbele wangechana pembeni mwa koo, wasogeze koromeo na njia ya chakula, waondoe diski zile mbili na vimifupa vilivyoota, waweke kipande cha mfupa wa nyonga na bamba dogo la chuma kushikilia. Hapo kinachobana kinaondolewa chenyewe, na shingo inanyooshwa.

"Tatizo lake," akasema, na hapo akamwangalia Deusi machoni, "mshipa unaoendesha sauti unapita hukohuko. Tunausogeza. Wengi wanakwaruza kwa muda, kumeza kunakuwa kugumu, halafu vinarudi. Wachache sauti hairudi kama ilivyokuwa."

"Hao wachache unawajuaje?" Deusi akauliza.

"Siwajui mpaka baadaye."

"Na ukipita nyuma sauti yangu huigusi?"

"Siigusi. Kuna mambo mengine, misuli ya nyuma inauma muda mrefu, wengine bega linashindwa kunyanyuka. Lakini hilo sio linalonizuia. Linalonizuia ni kwamba naogopa nitakupasua na usipate nafuu."

"Tukiacha?"

"Utaendelea kushuka, mzee wangu. Sijui kwa kasi gani. Na siku ukianguka vibaya, unaweza kubaki hapohapo bila mikono wala miguu. Hata nikipita mbele siwezi kukuahidi kukurudisha ulivyokuwa. Nitajaribu kuuzuia ugonjwa usiendelee. Kitakachorudi zaidi ya hapo tutashukuru."

Deusi akamwuliza kama anajua kazi yake ni nini. Daktari akasema hajui. Deusi akamwambia. Yule mama akaizima taa ya picha.

"Basi nendeni mkaongee," akasema.

Tuliongea kwenye benchi la nje, karibu na bomba ambalo watu wanafulia. Niandike hapa tulivyosemezana, maana yote yaliyofuata yametoka pale.

"Yule wa Mbeya alisema nyuma," akasema.

"Yule wa Mbeya hakuwa na picha hii."

"Ni mtu mzima. Amepasua watu kabla huyu hajaanza shule."

"Na yeye mwenyewe alisema wataamua huku, Baba Anita."

Mwanamke mmoja alikuwa anakamua shuka, maji yakatiririka mpaka kwenye viatu vyetu. Deusi hakuondoa miguu. Sijui kama aliyasikia.

"Wewe ni mwalimu," akasema. "Ukipoteza miguu, utafundisha umekaa. Mimi nikipoteza sauti nitakuwa nani?"

Ningeweza kumjibu vizuri. Jibu lilikuwepo, kwamba yeye ni Deusi, ni baba wa mtu, ni mume wangu. Badala yake nikasema kilichokuwa karibu zaidi na ulimi.

"Na mimi nitakubeba na nini?"

Akawa anaangalia mikono yake, anajaribu kugusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho, kama daktari alivyomwagiza kule ndani. Havikukutana.

Nataka kuwa mkweli hapa, vinginevyo hakuna maana ya kuandika. Siku ile yote na usiku wake nilijiambia kwamba nazilinganisha njia mbili kwa akili, nyuma ina hili, mbele ina lile, picha inasema hivi. Lakini kila nilipojaribu kufikiria njia ya nyuma nilikuwa naona choo chetu kilivyo mwisho wa uwanja, naona mvua, naona mwanaume mzito namshika kwapani. Naona namwogesha. Nilikuwa namlinganishia yeye shingo na huku najilinganishia maisha yangu. Daktari angesema njia ya nyuma ndiyo bora, sijui ningefanya nini. Ilitokea tu kwamba anachokitaka daktari ndicho nilichokitaka na mimi. Sijawahi kumwambia mtu hili.

Kesho yake asubuhi alinyoa ndevu kwa shida, akajikata mara kadhaa, akaniambia, "Mwambie huyo daktari wako apite mbele. Lakini ujue ni wewe uliyetaka."

Daktari hakukubali kupokea jibu kutoka kwangu. Alinitoa nje, akabaki na Deusi peke yao, mlango ukiwa wazi kidogo. Nilimsikia akimwuliza kama kuna mtu amemlazimisha, na kama anajua anaweza kukataa na bado atatibiwa kwa heshima.

"Hakuna," Deusi akasema. "Uamuzi ni wangu."

Kwake alisema hivyo. Kwangu alisema vile. Mpaka leo sijui kauli ipi ni ya kweli, au kama zote mbili.

Alasiri ya siku moja kabla ya upasuaji, wagonjwa wa wodi yake walikuwa wametolewa barazani wapunge upepo. Nilikuwa nimemletea uji kwenye chupa ya chai. Akaipokea, akaitazama huku na huku, akainuka. Akaishika nguzo kwa mkono mmoja.

"Chupa hii," akasema, na ile sauti ikaenda mpaka ukuta wa upande wa pili, "chupa hii imetoka mbali. Imepanda mabasi. Imelala stendi. Mama aliyeileta amegombana na mumewe jana, lakini uji wake bado wa moto. Nani anaanza?"

Mzee mmoja mwenye mguu wa bandeji akaanza, kwa utani. Mwingine akaongeza. Akainadi chupa, akanadi ndala ya mguu mmoja ambayo mwenyewe hakujulikana, akanadi mto wa kitanda cha jirani yake huku jirani anaukumbatia asiuachie. Akawanadi mbu wa wodi ile, kwa kuwa wamelishwa vizuri. Muuguzi akatoka kuja kutukemea, akaishia kusimama mlangoni ameshika mdomo. Kijana mmoja aliyevunjika taya alikuwa analia kwa sababu kucheka kunamwumiza.

Mimi sikucheka. Nilikaa nikiisikiliza sauti ile. Simu yangu ilikuwa kwenye pochi, ina uwezo wa kurekodi, na sikuikumbuka.

Upasuaji ulichukua asubuhi yote na sehemu ya mchana. Nilikaa na binamu yake. Daktari alipotoka alikuwa na alama ya kofia kwenye paji la uso. Akasema mambo yamekwenda kama alivyopanga, mshipa umepata nafasi, tusubiri.

Alipozinduka alitikisa vidole vyote vya miguu alipoambiwa. Akaufinya mkono wangu kwa nguvu ambayo sikuwa nimeisikia tangu mwaka jana. Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Halafu akataka kuomba maji, na kilichotoka kilikuwa kama mtu anayekokota gunia kwenye sakafu ya saruji.

Tukaambiwa tusubiri. Wiki zikapita kwa binamu, tukasubiri. Tukapelekwa kwa daktari wa koo, akaingiza kamera yake nyembamba, akasema upande mmoja wa nyuzi za sauti umelala. Unaweza kuamka, akasema, unaweza kuchukua hata mwaka. Unaweza usiamke. Yule daktari wetu alikuja mwenyewe kutuambia kwamba amesikitika. Hakujificha wala hakujitetea, na Deusi alimpa mkono. Alimpa mkono wa kulia, ule uliokuwa hauwezi kushika kikombe.

Na hivyo tukarudi.

Niseme mazuri, maana yapo. Anafunga vifungo vyake. Anakunywa chai bila kumwaga. Ule umeme wa mgongoni umekwisha. Asubuhi miguu inakuwa migumu kama miti, lakini ikishapata joto anatembea bila kunishika. Fausta alipomwona anaingia kwake Milanzi kwa miguu yake alipiga vigelegele, kisha Deusi akamwamkia, na vigelegele vikakatika katikati. Dada wa watu akaingia jikoni, akakaa huko muda mrefu, akatoka na macho mekundu akisingizia moshi.

Watu wananiambia nishukuru. Nashukuru. Padri ameniambia nishukuru. Nimeshukuru.

Sasa jana.

Deusi alisema anataka kwenda mnadani. Nilifurahi, nikadhani anataka kuonana na watu. Tukaenda wote, nikabeba kapu kwa ajili ya vitunguu. Mnada ulikuwa umejaa licha ya baridi, magari ya mitumba yamejipanga, ng'ombe upande wa chini, moshi wa nyama ya kuchoma umetanda. Watu walimsalimia vizuri sana. Wazee walimshika bega. Vijana wakasema shikamoo mzee, pole mzee. Kila alipojibu niliona wanasogeza sikio karibu, kisha wanatazama pembeni.

Kwenye gari la Hamisi kulikuwa na mnadishaji mpya, mwenye kipaza sauti cha betri kinachoshikwa mkononi. Deusi alikuwa anavidharau vitu vile. Alikuwa anasema ni vya watu wasio na kifua. Hamisi alipomwona akamsimamisha yule mwingine, akaja na kipaza sauti mwenyewe, akakishika kwa mikono miwili.

"Kaka Deusi," akasema, "na hiki huhitaji nguvu. Ongea tu kidogo kidogo. Watu wamekukumbuka."

Hamisi hakuwa na ubaya wowote. Ninaamini hivyo kabisa. Alikuwa amemwekea nafasi.

Deusi alikitazama kile kitu. Nilitaka kumvuta mkono, sikumvuta. Akakichukua. Hakupanda juu ya belo, alisimama chini, pembeni yake. Watu wakasogea, na waliokuwa wanaondoka wakarudi. Akachagua mama mmoja mwenye kitenge cha kijani, kama alivyokuwa anafanya siku zote, akamwelekezea kidole.

"Mama wa kijani," akaanza.

Kipaza sauti kilichukua ule mkwaruzo kikaukuza. Ulitoka mkubwa, mbaya, kama redio iliyo nje ya stesheni. Mama wa kijani akacheka, alidhani ameanza kuigiza mtu. Halafu akaliona kovu kooni, akajifunika mdomo kwa kitenge. Nyuma kabisa mtu asiyejua kitu akasema, "Mzee ongeza sauti, huku hatusikii."

Akajaribu tena. Kikohozi kikamkamata katikati. Nikaona mishipa ya shingo inamsimama, ile shingo, na mimi nikasimama palepale na kapu langu.

Alikiweka kipaza sauti juu ya belo taratibu. Akamshika Hamisi mkono, akamgusa yule mnadishaji mpya begani, akatikisa kichwa kwa watu kuwashukuru. Alifanya yote hayo kwa adabu. Kisha akageuka akaondoka bila kunitazama, na vitunguu sikununua.

Njia ya kurudi inapanda. Mwezi wa pili mwaka huu alikuwa hawezi kupanda hata ngazi za kanisani bila kushika bega langu. Jana alitembea mbele yangu. Nilimwita mara moja, hakugeuka. Akaongeza mwendo. Alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa yote kwenye miguu, inakanyaga chini kwa nguvu, kulia, kushoto, kulia, vumbi linaruka. Nilijaribu kumfikia nikashindwa kupumua.

Nikabaki namwangalia kwa nyuma. Miguu ile ndiyo niliyoiomba. Nimeisalia novena, siku tisa. Nimeipata, na ilikuwa inaniacha barabarani.

Kwenye kona ya tanuri la matofali alisimama. Hakugeuka kunitazama, alisimama tu amenipa mgongo, mikono mfukoni, upepo unapuliza koti lake. Nilipomkaribia akaanza kutembea tena, taratibu zaidi. Tukafika nyumbani hivyo, yeye hatua chache mbele, mimi nyuma.

Nimejiuliza tangu jana kama tulikosea. Ninapoitazama picha ile kichwani naona daktari alikuwa sahihi. Tungepita nyuma, labda leo angekuwa na sauti nzuri ya kuniitia nimgeuze kitandani. Labda. Au labda angepata miaka kadhaa ya kunadi, akaanguka akiwa juu ya belo lake, akaona ni haki. Hakuna mtu atakayenijibu hilo, na hata yeye haniulizi. Aliniambia neno moja tu kule Dar, kwamba ni mimi niliyetaka, na mimi nimekuwa nikilikwepa tangu siku ile. Nimekuwa nikimwambia, "Lakini daktari ndiye alisema." Nimekuwa nikimwambia, "Lakini uliweka sahihi mwenyewe." Kila nikisema hivyo anatikisa kichwa na kutoka nje, na sasa naona kwa nini. Anabaki peke yake na uamuzi ule.

Misa itakuwa imekwisha, watu wanapita barabarani na vitabu vyao vya nyimbo. Nasikia mlango wa uwanja unafunguliwa. Akiingia nitamwekea chai, nitakaa mbele yake, nitamwambia ni kweli, Baba Anita, ni mimi niliyetaka, na nilijitakia mimi pia.

Safari hii sitaongeza "lakini."